Sita au Tisa? Kupima Usikivu Katika Kelele

Mvua yanyesha juu ya bati. Mwalimu wa hesabu ataja namba, na mwanafunzi wa dawati la nyuma, badala ya kuandika sita, aandika tisa. Hesabu yote yaharibika, naye atiwa alama ya kosa. Je, kosa hilo ni la hesabu, la uvivu, au la sikio? Mwalimu hawezi kujua mpaka apime.

Kipimo cha kawaida cha usikivu hufanyika katika chumba kimya. Mtu husikilizishwa milio hafifu ya masafa mbalimbali, naye huonyesha kila anapoisikia. Kipimo hiki ni cha lazima, lakini hakitoshi. Wapo wanaofaulu vizuri chumbani humo, kisha wakashindwa kufuata mazungumzo sokoni au ndani ya basi. Kuusikia mlio ni jambo moja. Kuyachambua maneno kutoka katika kelele ni jambo jingine, nalo ni kazi ya sikio na ubongo pamoja.

Njia nzuri ya kupima jambo hili la pili ilielezwa na Waholanzi wawili, Plomp na Mimpen, mwaka 1979. Msikilizaji husikilizishwa sentensi fupi ndani ya kelele isiyobadilika. Akiirudia sentensi nzima bila kosa, ifuatayo hupunguzwa sauti kwa desibeli 2; akikosea, huongezwa desibeli 2. Baada ya sentensi chache sauti huwa ikipanda na kushuka karibu na kiwango kimoja, ambapo msikilizaji hupata nusu na kukosa nusu. Kiwango hicho ndicho kizingiti chake.

Hata hivyo kizingiti hakitegemei sikio peke yake. Mwaka 1951 Mmarekani George Miller na wenzake wawili walionyesha kwamba, ili msikilizaji apate nusu ya majibu, silabi zisizo na maana zilihitaji sauti iizidi kelele kwa desibeli 3 hivi. Maneno yaliyomo katika sentensi yalisikika hata kelele ilipoizidi sauti kwa desibeli 4. Nazo tarakimu? Kelele iliizidi sauti kwa desibeli 14, yaani ilikuwa na nguvu mara 25! Si kwamba tarakimu hutamkwa kwa nguvu zaidi, bali ni chache, na msikilizaji ajua kwamba jibu limo miongoni mwa hizo tu.

Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walieleza kipimo cha tarakimu kinachofanywa kwa simu. Waliziacha 7 na 9, kwa kuwa katika lugha yao hizo zina silabi mbili na nyingine moja moja. Urefu wa neno ungelitoboa jibu. Kwa Kiswahili, moja hadi tisa zote zina silabi mbili, na sifuri ina tatu, basi ndiyo ya kuachwa. Lakini hebu tamka sita na tisa. Irabu ni zile zile, kwa mpango ule ule. Konsonanti s na t ni hafifu kuliko irabu, hivyo kelele huzifunika kwanza, na zikifunikwa hakuna kinachobaki cha kuzitenga namba hizo mbili.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani. Weka redio katikati ya stesheni mbili ili ivume tu. Tarakimu ni lazima zinaswe mapema, mahali pakimya, kwa kinasa sauti au simu. Msomaji akisoma ndani ya kelele ataipaza sauti bila kujijua, kama Mfaransa Étienne Lombard alivyoeleza mwaka 1911. Tena wasikilizaji wataitazama midomo yake, na macho husaidia sana masikio. Wanafunzi waandike wanachosikia, kwanza wakiwa mbele, kisha nyuma. Hesabuni makosa ya kila tarakimu kwa jedwali, mkiangalia ni ipi iliyodhaniwa kuwa ipi.

Jaribio hili si la kitabibu, wala halimtangazi mtu kuwa kiziwi. Lakini mwanafunzi anayekosa mara nyingi kuliko wenzake walioketi safu moja naye apelekwe akapimwe masikio hospitalini, na wakati akingoja ahamishiwe dawati la mbele.