Auriki ya Kushoto: Mafunzo Niliyopata Kwenye Chumba cha Eko

Miaka yangu ya mwanzo ya kupima moyo, macho yote niliyaelekeza kwenye ventrikali ya kushoto, inayosukuma damu mwilini. Auriki iliyo juu yake nilipima upana tu, nikaandika namba, nikaita mgonjwa mwingine.

1. Ukubwa si kazi. Mzee mmoja alikuja akihema, miguu imevimba. Kuta za ventrikali zilikuwa nene, msukumo wa damu bado mzuri, auriki imetanuka kidogo tu, na isiji ilionyesha mapigo yanayofuatana sawasawa. Lakini kwenye dopla ya vali ya mitrali, wimbi la pili, lile la auriki inapojikamua, lilikuwa dogo mno. Nililiona, sikuliandika. Wiki chache baadaye aliletwa na kiharusi. Ikagundulika ana amiloidi, protini inayojipenyeza kwenye misuli ya moyo: umeme ulifika kwenye auriki, misuli haikuitika, damu ikatuama na kuganda. Wimbi hilo sasa lina mstari wake katika kila ripoti yangu.

2. Kazi ni tatu. Ventrikali inapojikaza, auriki hupokea damu ya mapafuni kama ghala. Vali ikifunguka, inakuwa njia ya kupitia. Mwishoni hujikamua na kuongeza takribani asilimia 20 hadi 30 ya damu inayojaza ventrikali. Moyo ukiwa mgumu, msukumo huo wa mwisho ndio unaomwezesha mgonjwa kupanda ngazi.

3. Picha inayofaa ventrikali mara nyingi huifupisha auriki. Mimi nilikuwa nikitumia hiyo hiyo kwa yote mawili! Sasa nahamisha proba hadi auriki ionekane kwa urefu wake wote, nasubiri fremu ya mwisho kabla vali haijafunguka, kisha nachora ukingo katika pande mbili, nikiacha nje mishipa ya mapafu na kile kifuko cha pembeni. Ikizidi mililita 34 kwa kila mita ya mraba ya mwili, imetanuka.

4. Kwa wenye misuli minene ya moyo ya kurithi, kipenyo cha auriki kikifika milimita 45 mgonjwa anastahili holta, kifaa cha kuvaa kinachorekodi mapigo, ya saa 48 kila miezi 6 hadi 12. Mapigo ya auriki yakionekana kuvurugika, dawa ya kuzuia damu kuganda haisubiri hesabu ya alama za hatari ya kiharusi.

5. Pima kunyumbuka kwa ukuta. Kwa mtu mwenye afya, ukuta wa auriki hurefuka kwa wastani wa karibu asilimia 39 unapopokea damu, na kiwango hicho kinaweza kushuka kabla auriki haijatanuka. Programu za mashine hutofautiana, kwa hiyo kila mgonjwa namrudisha kwenye mashine ile ile. Ndivyo nilivyomfuatilia mama aliyeugua misuli ya moyo baada ya kujifungua. Kila kliniki namba ilipanda kidogo. Mara ya mwisho aliuliza kabla sijashika proba, "Daktari, leo chumba changu kinasemaje?" Nikamgeuzia kioo akione mwenyewe kikijikamua.