Mimba Zabibu: Kusafishwa Kizazi Siyo Mwisho wa Matibabu



Somo letu la afya katika toleo hili linahusu mimba zabibu. Haitokei mara nyingi, lakini mama asipofuatiliwa anaweza kupoteza maisha kwa ugonjwa unaotibika. Tumelichagua somo hili kwa sababu sehemu ya msaada anaouhitaji iko ndani ya uwezo wa kamati ya parokia.

Mimba zabibu ni nini?

Ni mimba yenye hitilafu tangu kutungwa kwake. Tishu za kondo la nyuma huvimba na kuwa vilengelenge vyenye maji, mfano wa kichala cha zabibu. Ziko aina mbili. Katika mimba zabibu kamili hakuna mtoto. Yai lililorutubishwa halikuwa na vinasaba vya mama. Katika isiyo kamili, kwa kawaida mbegu mbili za baba zimeingia katika yai moja, na mtoto akianza kuumbika hawezi kuishi.

Haisababishwi na uchawi, laana, wala kazi nzito. Si mke wala mume wa kulaumiwa. Hutokea zaidi kwa wasichana wadogo sana na wanawake waliovuka miaka 45.

Inatambuliwaje?

Dalili ni kutokwa damu ukeni katika miezi ya mwanzo, kutapika kupita kiasi, au tumbo kuwa kubwa kuliko umri wa mimba. Wengine hawaoni dalili yoyote. Kipimo cha altrasaundi husaidia kutambua, kisha kizazi husafishwa hospitalini kwa kufyonza. Kilichotolewa kipelekwe maabara ya patholojia, kwani kwa macho tu aina isiyo kamili hufanana na mimba iliyoharibika kwa kawaida.

Kwa nini afuatiliwe?

Mama akishasafishwa na damu ikakata, hujiona amepona na kurudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo hatari ilipo. Baada ya mimba zabibu kamili, takriban wanawake 15 kati ya 100 hubaki na tishu zinazoendelea kukua, na zinaweza kusambaa hadi kwenye mapafu. Kwa aina isiyo kamili ni takriban 1 kati ya 100 au pungufu.

Tishu hizo hutoa homoni ya ujauzito iitwayo hCG. Kwa hiyo mama hupimwa kiasi chake kila wiki moja au mbili mpaka kiwe cha kawaida, kisha kwa muda zaidi kama daktari atakavyopanga. Kwa mimba zabibu kamili muda huo huweza kufika miezi 6. Kipimo cha mkojo cha kawaida husema tu homoni ipo au haipo. Hakionyeshi kama inapanda au inashuka. Kinachotakiwa ni kipimo cha kiasi.

Katika muda huo wanandoa wanashauriwa wasubiri kupata mimba nyingine, maana mimba mpya nayo hupandisha homoni hiyo na kuficha ugonjwa. Wazungumze na mhudumu wa afya kuhusu njia itakayowafaa.

Homoni ikigoma kushuka au ikipanda, mama apelekwe kwa wataalamu wa saratani. Tangu mwaka 1956, Min Chiu Li na Roy Hertz walipoonyesha huko Marekani kuwa dawa ya metotreksati inatibu saratani ya aina hii, ugonjwa huu umekuwa miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi. Ukiwahiwa, karibu wote hupona, na wengi huzaa tena. Kwa Tanzania, matibabu ya saratani yanatolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi.

Tunajifunza nini kwa wenzetu?

Nchini Uingereza, tangu mwaka 1973 wagonjwa hawa huandikishwa katika vituo maalumu vya London, Sheffield na Dundee. Sampuli za damu au mkojo hutumwa huko kwa posta, na mama hubaki nyumbani kwake. Kinachosafiri mara kwa mara ni sampuli. Hospitali zetu na maabara za rufaa zinaweza kukubaliana utaratibu wa namna hiyo.

Kamati ifanye nini?

1. Imchague mtu mmoja, mwenye kutunza siri, wa kumkumbusha mama tarehe za vipimo.
2. Itenge nauli na gharama za vipimo kwa kipindi chote, siyo kwa safari ya kwanza tu.
3. Imsaidie mama kutunza majibu yake yote katika daftari moja.
4. Imfariji. Amefiwa na tumaini la mtoto, hata kama hakuna kaburi.

Kwa wafadhili wetu tunasema: nauli ya kwenda kupima haina jiwe la msingi wala picha ya uzinduzi, lakini inaokoa maisha.

Maswali ya kujadili

1. Mimba ikiharibika kijijini kwetu, watu husema nini juu ya mama?
2. Kipimo cha kiasi cha hCG kinapatikana wapi karibu nasi, na kwa gharama gani?
3. Nani atamfuatilia mama huyu mpaka kipimo cha mwisho?