Kwa Nini King'ora cha Moshi Hulia Usiku wa Manane?

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na siku hizi katika baadhi ya hoteli, mabweni na majumba ya ghorofa ya miji yetu, hufungwa darini kisanduku kidogo cha plastiki ambacho kazi yake ni kuwaonya wenyeji mara moshi unapotanda. Kisanduku hicho ndicho king'ora cha moshi. Aghalabu hakuna anayekikumbuka mpaka usiku mmoja kianze kutoa mlio mfupi, "pii", kama kifaranga aliyepotewa na mama yake. Kikanyamaza, na baada ya nusu dakika hadi dakika moja kikalia tena. Kunapopambazuka mlio hukoma wenyewe. Mwenye nyumba aliyekosa usingizi hupanda juu ya kiti, akaichomoa betri na kuitia mfukoni, na tangu saa hiyo familia yake hulala bila mlinzi.

Yafaa ieleweke kwamba mlio huo mfupi si wa moto. King'ora kilichonusa moshi hupiga kelele kali mfululizo, na hapo wajibu wa kwanza ni kuwatoa watu nje. "Pii" ya pekee ni taarifa juu ya hali ya king'ora chenyewe, na mara nyingi zaidi ni taarifa ya betri.

Ving'ora vya nyumbani ni vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutumia mwanga: ndani ya chumba cheusi kuna taa ndogo na kipokea mwanga ambavyo havitazamani, na moshi ukiingia huutawanya mwanga hata ukamfikia mpokeaji. Aina ya pili ina chembe ya ameriki-241, takriban sehemu 0.3 ya milioni moja ya gramu. Mionzi yake ya alfa huzifanya molekuli za hewa kuwa ayoni, na mkondo hafifu wa umeme hupita kati ya bamba mbili. Ayoni zikinaswa na moshi, mkondo hupungua, na king'ora hulia. Mionzi hiyo huzuiwa hata na karatasi, lakini chembe yenyewe ina madhara ikivutwa au kumezwa. Kwa hiyo chumba hicho kisivunjwe kwa udadisi.

Sasa tuirudie betri. Ile ya volti 9 ina seli sita za volti 1.5 zilizounganishwa kwa mfuatano. King'ora kikiwa kimetulia hutumia mkondo mdogo mno, wa mikroampea chache. Lakini kila baada ya muda hujipima: huitwisha betri mzigo mkubwa zaidi kwa kitambo kidogo, na kuangalia volti zimeshuka hadi wapi. Tuseme kikomo ni volti 7.5, na mzigo huo ni miliampea 10. Betri iliyochoka ina nguvu-endeshi ya volti 8.0 na ukinzani wa ndani wa omu 20. Upotevu wa ndani ni 0.010 × 20, yaani volti 0.2. Zinabaki 7.8, na king'ora hunyamaza.

Usiku hewa hupoa. Mmenyuko wa kikemikali ndani ya seli huzorota na ukinzani wa ndani hupanda. Ukifika omu 60, upotevu ni volti 0.6, zinabaki 7.4, nazo ni chini ya kikomo. King'ora hulia. Jua likichomoza betri hupata joto, na mlalamikaji hutulia, ingawa betri haikupona. Hii ndiyo sababu pia ya fundi kuipima betri hiyo kwa voltimita, akasoma volti 8 na kutangaza kuwa ni nzima: voltimita haimtwishi mzigo wowote wa maana.

Matengenezo ni mepesi. Simama juu ya ngazi imara. Ikiwa king'ora kimeunganishwa na umeme wa nyumba, zima kwanza swichi kuu. Toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kujaribia kwa sekunde 15 hivi ili chaji iliyobaki katika kapasita iishe. Wengi huiacha hatua hii, wakastaajabu mlio ukiendelea. Fagia vumbi na wadudu kwa brashi laini, futa vituo vya betri, na utie betri mpya ya aina iliyoandikwa ndani ya kifuniko. Bonyeza kitufe tena usikie sauti kamili. Mlio usipokoma, soma tarehe ya kutengenezwa: baada ya miaka 10 king'ora chote hubadilishwa. Vile vilivyozibwa na betri ya lithiamu ndani havifunguliwi. Betri ikiisha, navyo hubadilishwa.

Darasani betri hiyo kuukuu isitupwe. Pima volti zake bila mzigo (E), kisha unganisha kikinza cha omu 470 na upime tena upesi (V). Ukinzani wa ndani ni 470 × (E − V) ÷ V. Kwa vipimo vya 8.4 na 7.9, jibu ni omu 30 hivi. Kisha betri ifungwe katika mfuko wa plastiki, ikae ndani ya jokofu kwa saa moja, na vipimo virudiwe kabla haijapata joto.