JUMANNE: Asiyeweza Kukumbuka

Soma Isaya 49:15, 16. Ni nani anayekumbuka hapa, na ni nani anayekumbukwa?

Mwaka 1953, huko Marekani, Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa. Iliondolewa sehemu inayogeuza mambo mapya kuwa kumbukumbu za kudumu, pande zote mbili. Akili yake ilibaki timamu, na utoto wake aliukumbuka. Bali mtu aliyetoka chumbani punde hakumjua tena akirudi. Hata hivyo, alipofundishwa kuchora nyota akitazama kiooni, mkono wake ulizidi kuwa hodari kila siku, ingawa yeye alidhani ndiyo mara ya kwanza.

Mshiriki ambaye kiharusi kimemnyang'anya fungu la kukariri hupewa nafasi gani katika darasa lenu?