Unahamia Ubuntu 24.04? Anza na chaja

Kubadilisha toleo lenyewe ni amri moja. Jasho liko kwenye maandalizi, hasa ukijua kwamba ukishavuka hakuna amri ya kurudi nyuma.

1. Jua ulipo. Andika lsb_release -a kwenye terminali. Namba za Ubuntu ni tarehe tu: 22.04 ni Aprili 2022, 24.04 ni Aprili 2024. Kutoka 22.04 unakwenda moja kwa moja. Aliyebaki 20.04 atalazimika kupitia 22.04 kwanza, na kwa huyo mimi hushauri asakinishe upya kwa flashi, yaishe.

2. Bekapu, pamoja na vilivyojificha. Watu hukumbuka picha za harusi wakasahau mafolda yanayoanza na nukta, kama .ssh lenye funguo za seva zao. Fungua folda lako la nyumbani, bonyeza Ctrl na H, yatajitokeza yote. Nakili kwenye diski ya nje, halafu (usicheke) ichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue faili mbili tatu. Bekapu ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu.

3. Pima nafasi kwa df -h. Tazama mstari wa / na, kama upo, wa /boot. Huo wa pili huwa mdogo na hujaa keneli za zamani. Amri ya sudo apt autoremove huziondoa.

4. Umeme na bando. Niliwahi kuanza kazi hii saa mbili usiku kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, nikijiona fundi. Umeme ukakatika wakati vifurushi vinafunguliwa. Uliporudi nikakutana na skrini nyeusi, maandishi meupe, na kimya. Zilizoniokoa ni amri mbili: sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Ziandike kwenye karatasi, maana usiku kama huo hata simu inaweza kuwa imezima. Mwenye laptopu achomeke chaja hata kama betri imejaa. Bando nalo liwe la kutosha. Mzigo wa kupakua mara nyingi huzidi GB 1.

5. Safisha njia. sudo apt update, sudo apt full-upgrade, washa upya. Ndipo uandike sudo do-release-upgrade. Ghala za nje ulizoongeza mwenyewe, zile PPA, zitazimwa zenyewe. Ziwashe baadaye moja moja, baada ya kuhakikisha zina kitu cha toleo jipya.

6. Usiende kulala. Katikati ya kazi utaulizwa kuhusu faili la mipangilio: ubaki na lako au uchukue jipya? Ukibonyeza Enter tu, linabaki lako. Herufi D hukuonyesha tofauti zilizopo. Kama unakumbuka kulihariri kwa mkono, bakiza lako. Kama hata hujui ni la nini, chukua jipya. Mimi hubonyeza D kila mara, hata nikiwa na haraka.

7. Kwa wenye kuandika programu. Python inatoka 3.10 kwenda 3.12, kwa hiyo mazingira yako ya venv hayatafanya kazi. Yafute uyajenge upya kutoka requirements.txt. PostgreSQL inahitaji uangalifu zaidi. Toleo la 16 linawekwa pembeni ya 14, lakini data zako zinabaki kwenye 14 mpaka uzihamishe kwa pg_upgradecluster. Mwishoni mfumo utakuuliza kama ufute programu zilizopitwa na wakati. Soma orodha nzima kabla ya kubonyeza y. Ukiona postgresql-14 humo na hujahamisha kitu, jibu ni n.