Kupanda Maua ya Asubuhi Hapa Kwetu Lac Vert



Katika namba hii tunataka kuwaelezea kazi ya kupanda ua ambalo Wafaransa wanaliita volubilis. Sisi tunaliita ua la asubuhi, sababu linafunguka alfajiri, na kufika saa sita ya mchana limekwisha kujikunja. Halirudi tena. Kesho yake linafunguka lingine. Siku ya mawingu linakawia kidogo kufunga.

Ni ndugu ya viazi vitamu, vile tunaviita bilazi. Pita karibu na shamba la bilazi lililochanua, utaona ua la namna ileile, mfano wa mdomo wa tarumbeta. Lakini undugu huo usitudanganye: matembele tunapika, bali ua la asubuhi haliliwi. Mbegu zake ziko na sumu inayosumbua tumbo na kuchafua akili. Nyumbani kama kuko watoto wadogo, weka mbegu juu, mbali nao.

Kuko wenzetu waliotuambia: maua hayajazi sahani, afadhali maharage. Ni kweli, wala hatusemi mtu ang'oe maharage. Ila ua hili haliombi shamba. Linakubali ndoo iliyopasuka, bidoni la manjano lililokatwa, ao tundu la ukuta wa mawe ya volkano lililojazwa udongo. Na mawe tuko nayo ya kutosha!

Mbegu ni nyeusi na gamba lake ni gumu. Ukiitupa tu katika udongo inaweza kulala muda mrefu bila kuota. Ikwaruze upande mmoja juu ya jiwe la volkano, kidogo tu, mpaka weupe wa ndani uonekane. Kisha ziloweke usiku mzima katika maji ya uvuguvugu. Asubuhi zile zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki ngumu, zikwaruze tena. Panda kina cha sentimita 1 ao 2, na kati ya mbegu na mbegu acha sentimita 20 ao 30. Panda palepale utakapoliacha, kwa maana mizizi yake haipendi kuhamishwa. Mbolea isiwe nyingi: ukiizidisha utapata majani mazuri sana na maua hakuna. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mwezi wa tisa ao mwezi wa tatu, kwani kila mmoja anajua uzito wa bidoni la maji toka ziwani.

Sasa mahali pa kupanda. Hapa tunaomba kila mtu asome mara mbili, hata asiyependa maua.

Sisi wa Lac Vert tunajua mazuku. Ni gazi ya kaboni, ile CO2 tunayoandika ubaoni, inayotoka chini ya ardhi kwa nyufa za mawe. Haionekani kwa macho. Uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala katika mashimo na mabonde kama maji katika bakuli. Usiku usio na upepo inajikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Basi tazameni: ua letu linachanua alfajiri, saa ileile ambapo shimo linaweza kuwa limejaa. Tena mwenye kupanda anainama. Kichwa chake kinashuka mpaka penye gazi, na mwenzake aliyesimama kando hasikii kitu. Ndiyo sababu mbwa na mtoto mdogo wanaanguka mbele ya mtu mkubwa.

Udongo mzuri mweusi mara nyingi unapatikana kule chini, kwani mvua inauteremsha. Ndilo jaribu lenyewe. Usipande kule, na usishuke kuchota udongo asubuhi mapema. Ukiona ndege ao panya wamekufa shimoni bila jeraha, usikaribie. Mwenzako akianguka humo, usimfuate mbio, mtalala wawili. Piga kelele, ita watu wakubwa. Ua la asubuhi tulipande juu, penye upepo: juu ya ukuta, kando ya dirisha la kalasi, penye mlango.

Likiisha kuota linatafuta kitu cha kushika. Lipe kamba ao matete ya metre mbili. Ukilitazama toka juu utaona shina linazunguka upande mmoja tu, kinyume cha mishale ya saa. Wa kalasi ya biolojia wafanye jaribio: fungua shina polepole, lizungushe upande mwingine, lifunge na uzi. Ncha mpya itarudia upande wake. Hata sisi makapita hatukulishinda.

Jambo lililotushangaza zaidi ni rangi. Lile la buluu, Ipomoea tricolor, asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Likiwa bado limefungwa ni jekundu la zambarau. Likifunguka ni buluu kama mbingu. Tulifikiri ni rangi mbili. Hapana. Katika 1995 wataalamu wa Ujapani walipima ndani ya chembe za petali: kabla ya kufunguka pH ilikuwa 6,6, na baada ya kufunguka 7,7. Rangi ni ileile, ila maji yanayoizunguka yamepunguza asidi. Wa kemia watakumbuka karatasi ya tournesol, nyekundu katika asidi, buluu katika bazi. Ua linafanya jambo la namna hiyo peke yake kila alfajiri, bila laboratwari.

Hukohuko Ujapani wanaliita asagao, maana yake uso wa asubuhi. Mbegu ziliingia toka China zamani sana kama dawa. Leo watoto wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi wanalipanda, kila mmoja na chungu chake, na kuandika lilivyokua. Ni watoto wa miaka sita! Sisi wa sekondari tutashindwa?

Maua yataanza baada ya miezi miwili ao mitatu. Sisi wa karibu na ikweta tuko na bahati, kwani ua hili linapenda usiku mrefu ndipo litoe maua. Ulaya siku ndefu za kiangazi zinalichelewesha. Hapa usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima.

Vifuko vya mbegu vikikauka na kuwa rangi ya kahawia, vichume kabla havijapasuka, la sivyo vitaenea katika shamba la jirani na ugomvi utaanza. Charles Darwin alilipanda ua hili vizazi kumi, akaandika katika 1876: mimea iliyochanganywa ikifika urefu wa 100, ile iliyojizalisha yenyewe ilifika 77. Kwa hiyo tubadilishane mbegu, tusichukue kwa mmea mmoja tu.

Mbegu ziko kwetu. Mwenye kutaka apite siku ya posho baada ya kufagia kiwanja, pamoja na karatasi ya kufungia. Kila mtu mbegu kumi.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita