Kwa Nini Damu Zetu Si Moja

Msomaji, ukiwa mkazi wa Funzi wajua kwamba mama akijifungua na kutokwa na damu nyingi, kwanza ni mashua hadi bara, kisha barabara hadi hospitali ya Msambweni. Ndugu na wajomba huwa tayari kumtolea damu. Lakini huenda daktari akawakataa wote, na watu wakanung'unika. Sababu yake ni hii.

Damu imejaa chembe nyekundu, ndogo hata hazionekani kwa macho. Ngozi ya chembe ni ya mafuta, na humo zimesimama nyuzi za sukari, mfano wa boriti za mkoko zilizokitwa kwenye tope: mguu ni mafuta, nao umezama; kichwa ni sukari, nacho kiko nje. (Nyuzi nyingine zimeshika protini badala ya mafuta.) Sukari hizi si ile ya miwa ya Ramisi, ila ni za jamaa moja. Nyuzi nyingine ni fupi. Nyingine zina makumi ya sukari na matawi kama mti, na kila ncha yaweza kubeba alama.

Alama hiyo ndiyo kundi la damu. Nchani mwa B mna galaktosi, sukari iliyomo pia katika maziwa. Ya A ni karibu ile ile, imeongezwa kipande kidogo tu. AB anazo zote mbili. O hana hata moja. Karl Landsteiner wa Vienna alitangaza makundi matatu ya kwanza mwaka 1901.

Tofauti ni ndogo, hatari ni kubwa. Maji ya damu ya mtu wa O yana walinzi wapigao A na B. Akitiwa damu ya A, chembe zile hugandamana na kupasuka, naye aweza kufa. Hupokea O tu.

Walakini ana bahati kwingine. Utafiti wa watoto wa Kilifi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye O hawapatwi sana na malaria kali. Chembe yenye kijidudu huzishika nyingine kwa sukari za A na B, mishipa midogo ikaziba. Pasipo sukari hizo mshiko hulegea. Chandarua, hata hivyo, ni cha wote.

Basi uliza kundi lako hospitali mapema, uliandike. Mwenye miaka 16 hadi 65 na kilo zisizopungua 50, akiwa mzima, aweza kutoa damu: mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Hata hivyo damu yako itapimwa tena pamoja na ya mgonjwa kabla hajatiwa.